Pawa saplai ya mezani: ipime kwanza, ndo uibandike kwenye kitu cha mtu

Nianze na simu niliyoiua mwenyewe. Jioni moja nilikuwa napima redio ya gari ya jamaa, nikamaliza nikafunga fremu, pawa saplai (mashine ya mezani inayotoa umeme kama wa betri, kwa volti unazochagua) nikaiacha kwenye volti 12.6. Asubuhi mi nimechelewa na foleni, dogo anayejifunza kwangu akafungua, akapokea simu ya mama mmoja, akabandika klipu nyekundu na nyeusi kwenye bodi kama alivoniona nafanya kila siku. Ikatoa kamoshi kembamba afu kimya. Akanipigia, "Fundi shikamoo, hii simu imegoma kabisa." Nikamuuliza mashine inaonyesha ngapi, akasema kumi na mbili nukta sita. Pale pale nikajua nimeshanunua simu ya mtu, na kweli nililipa. Dogo sikumlaumu sana mana sikuwahi kumwambia aangalie namba kabla ya kugusa, alijifunza alichokiona, na mi nilikuwa nafanya kwa mazoea.

Tangu hapo kila anayekaa kwenye meza yangu hapa Kariakoo anapita kwanza kwenye hizi hatua. Mashine ninayoizungumzia ni hizi za kawaida, volti 0 mpaka 30, ampea 5 au 10, ina nobu (vile vya kuzungusha kwa vidole) za volti na za ampea, skrini ya namba, na mbele matundu matatu, jekundu, jeusi na la kijani. Iwe mpya ya kwenye boksi au ya mtumba, utaratibu ni ule ule, tofauti ni kwamba ya mtumba usimwamini muuzaji na mpya usiliamini boksi. Unahitaji mita nzuri kiasi (ile ya kupimia volti, ampea na omu), balbu moja ya gari ya volti 12, waya nene na bisibisi. Nusu saa inatosha.

HATUA YA 1: bado hujachomeka ukutani

Igeuze uangalie nyuma. Nyingi zina kaswichi kadogo kekundu kameandikwa 110 na 220, na huwa kamezama ndani ili mtu asikaguse kwa bahati mbaya, unakageuza kwa bisibisi. Umeme wetu ni volti 230, kwaiyo lazima kasome 220 au 230. Nshawahi kununua moja ya mtumba, muuzaji kaniapia ni nzima, na nzima ilikuwa kweli ila swichi ilikuwa kwenye 110. Nikachomeka, pah! Bahati yangu fyuzi ndo ilikufa peke yake, kuna wengine trafoma nzima inakwenda.

Hapo hapo nyuma kuna kifuniko cha fyuzi, kifungue uitoe uiangalie. Ukikuta mtu kafunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi (usicheke, nimekuta mara mbili) basi jua kuna kitu kilikuwa kinaichoma ile fyuzi kila mara na mtu akachoka kununua. Mashine ya hivo usiiwashe, anza kwa kutafuta shoti ndani. Fyuzi unaweka ya namba ile ile iliyoandikwa kwenye mwili wa mashine, sio kubwa zaidi "ili isikatike".

Alafu plagi. Soketi zetu ni za miguu mitatu bapa na plagi yenyewe ina fyuzi ndani, mara nyingi ya ampea 13. Mashine ya volti 30 ampea 5 ikitoa nguvu zake zote ni wati 150, ukutani haifiki hata ampea 2, kwaiyo ndani ya plagi fyuzi ya ampea 3 inatosha, mashine ya ampea 10 weka fyuzi ya 5. Hiyo fyuzi kazi yake ni kuulinda waya wa plagi, ukiacha 13 kwenye waya mwembamba basi waya ndo utakuwa fyuzi. Kingine, mashine nyingi zinakuja na plagi ya miguu miwili ya mviringo, watu wanasukuma kalamu kwenye tundu la juu ili ile miguu miwili iingie. Taa inawaka, kila mtu anafurahi, lakini earth (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja) hakuna. Ukigusa bodi ya chuma ya mashine na mkono una jasho unahisi kama mchwa wanatembea kwenye vidole, hiyo ndo maana yake. Kata hiyo plagi, funga ya miguu mitatu. Kama waya wenyewe una nyaya mbili tu ndani, nunua mwingine wenye nyaya tatu.

HATUA YA 2: mita kwenye plagi, bado hujachomeka

Weka mita kwenye mlio. Waya mmoja wa mita kwenye mguu mrefu wa plagi (ule wa juu, ndo earth), mwingine kwenye skrubu ya bodi ya mashine, tafuta sehemu isiyo na rangi mana rangi inazuia. Lazima ilie. Ukipima kwa omu (kipimo cha ukinzani wa njia) isome chini ya 1 au karibu na hapo. Isipolia waya wa earth umekatika au haujafungwa ndani, na hapo husogei mbele mpaka uurekebishe.

Sasa washa swichi ya mashine yenyewe (plagi iko mkononi mwako, haijachomekwa) peleka mita kwenye omu za juu kabisa, pima mguu mmoja mmoja wa chini na bodi, afu mguu wa chini na tundu jekundu, afu jeusi. Zote zisome OL au 1 ile ya pembeni, maana yake hakuna njia. Ukiona namba yoyote ndogo hapo, umeme wa ukutani una njia ya kuja kwenye klipu unazozishika kwa vidole, iweke pembeni. Na ujue kwamba mita inapima kwa volti chache tu, kwaiyo ikisema hakuna njia sio cheti, ni kichujio cha kwanza.

Mwisho pima ile miguu miwili ya chini yenyewe kwa yenyewe. Mashine nzito ya trafoma itasoma omu kadhaa, hiyo sawa, ndo waya wa trafoma. Ile nyepesi isiyo na trafoma kubwa inaweza kuanza na namba ikapanda panda. Ikilia tiii mfululizo na kusoma sifuri, kuna shoti.

Kama umefungua kifuniko kuchungulia vumbi (na la Kariakoo unalijua, feni huwa imevaa koti) kumbuka hizi nyepesi zina kapasita (kifaa kinachotunza umeme) kubwa inayokaa na volti 320 hivi, na inaweza kubaki nayo hata baada ya kuchomoa. Subiri dakika kadhaa, pima kwa mita miguuni mwa kapasita mpaka isome karibu na sifuri, ndo uingize kidole. Usiipige shoti kwa bisibisi kama wanavofanya wale wanaotafuta sifa.

HATUA YA 3: kuiwasha ikiwa tupu

Kausha meza, kausha miguu, vaa viatu. Masika fremu za chini zinaingia maji na utakuta mtu kasimama kwenye sakafu yenye unyevu na kandambili zilizolowa anapima umeme. Weka hata kipande cha mbao. Usichomeke kwenye ekstensheni ambayo imeshabeba pasi, feni na chaja saba za majirani.

Nobu zote rudisha mpaka mwisho kushoto, kwenye matundu hakuna waya wowote, chomeka, simama pembeni, washa. Mkono mmoja tu ndo unafanya kazi, mwingine weka mfukoni. Sikiliza na nusa kwa dakika mbili. Feni kulia sawa, mvumo mdogo wa trafoma sawa. Harufu ya plastiki, au tik-tik-tik ya mashine inayojaribu kuwaka inashindwa, zima na uchomoe.

Kama ulikuwa na wasiwasi nayo tangu mwanzo, fundi mzoefu anaiwasha kwanza kupitia balbu ya siriizi, ile ya nyuzi ya wati 60 au 100. Balbu ikiwaka kidogo afu ikafifia, mashine haina shoti, ikiwaka kwa nguvu zote ikabaki hivo, shoti ipo ndani na balbu ndo imekuokoa. Balbu za LED hazifanyi kazi hii, tafuta za zamani. Ila hapo unachezea umeme wa ukutani uchi, kama hujawahi kufanya mpe anayejua.

HATUA YA 4: namba za skrini zinasema kweli?

Mita kwenye DC (umeme kama wa betri), waya mwekundu tundu jekundu, mweusi jeusi. Ampea fungua kidogo tu mana ikiwa sifuri kabisa mashine nyingi hazipandishi volti. Pandisha polepole: 3, 5, 12, 24, 30. Kila kituo linganisha skrini na mita. Tofauti ya sifuri pointi moja au mbili naivumilia. Yangu ya sasa inaonyesha 4.0 wakati mita inasoma 4.1, nimebandika kikaratasi juu yake, basi yameisha. Ninachoogopa ni mashine inayoruka, unazungusha taratibu inatoka 4 inaenda 9 afu inarudi 4. Hiyo ni nobu iliyochakaa, na hewa ya chumvi ya hapa Dar inazila haraka. Siku ikiruka na simu iko mezani hutaiona hata, utaona moshi. Inabadilishwa kwa bei ndogo, badilisha.

Jaribu pia kuzima na kuwasha ukiwa unaangalia mita. Mashine zingine za bei poa zikizimwa au kuwashwa zinatupa volti juu kwa kitambo kidogo, na mita ni nzito inaweza isikione. Ndo maana mi sheria yangu, swichi kuu ya mashine haiguswi wakati kuna kitu kimefungwa kwenye klipu. Washa kwanza, panga, funga. Kumaliza, fungua klipu, ndo uzime.

HATUA YA 5: ampea, hapa ndo wengi wanapotea

Watu wanadhani nobu ya ampea inasukuma ampea kwenye simu. Hapana. Simu inachukua inachotaka, ile nobu inasema "usizidi hapa". Ukiweka ampea 5 na simu ina shoti, itapata zote 5 kwenye kakitu kadogo kuliko punje ya mchele, na bodi inaungua. Ukiweka 1, mashine inashusha volti yenyewe ili moja isizidi, taa ya C.C. (alama kwamba kizuizi cha ampea kinafanya kazi) inawaka, na we una muda wa kufikiri.

Kuipanga: volti weka 4, ampea rudisha sifuri, unganisha klipu nyekundu na nyeusi zigusane kabisa. Ndio, piga shoti kwa makusudi, mashine nzima imetengenezwa kuvumilia hilo. Volti zitashuka karibu na sifuri, taa ya C.C. itawaka, sasa zungusha ampea polepole mpaka skrini isome 1.00. Achanisha klipu, volti zirudi 4 na taa ya C.V. (alama kwamba volti zimeshikwa pale ulipoziweka) iwake. Zisiporudi, au shoti ikaleta ampea zote wakati nobu iko chini, kile kizuizi kimekufa na hiyo mashine haifai kabisa kwa simu. Zile mpya zinazoonyesha kiwango kwenye skrini bila kupiga shoti ni raha zaidi, lakini mara ya kwanza ipige tu uhakikishe haidanganyi.

Ukitaka kulinganisha ampea na mita, hamisha waya mwekundu wa mita uende tundu la 10A, na ukimaliza RUDISHA. Mita ikiwa kwenye tundu la 10A ni sawa na kipande cha waya, ukienda kupima volti za betri nayo umepiga shoti, na ukiipeleka kwenye soketi ya ukutani sitaki hata kuelezea.

Kuna kitu kimoja hakisemwi sana. Kizuizi cha ampea hakizuii ile cheche ya kwanza. Mlangoni mwa mashine kuna kapasita iliyojaa tayari, na yenyewe inamwaga kabla kizuizi hakijaamka. Jaribu siku moja na kataa kadogo ka LED, weka volti 30, ampea ndogo kabisa, afu kaguse: kanakufa palepale japo ampea zilikuwa chini. Kwaiyo volti ndo ziwe sahihi kwanza. Kama mashine yako ina kitufe cha OUTPUT, funga klipu kikiwa kimezimwa ndo ukibonyeze, kama haina, shusha volti, funga, pandisha.

HATUA YA 6: ipe mzigo

Balbu ya indiketa ya gari ya wati 21 inakula ampea kama 1.75 kwenye volti 12, ya taa ya mbele ya wati 55 inakula 4.5 na ushee. Anza na ndogo. Ikigusa tu, taa ya C.C. inaweza kupepesa, sio ugonjwa, nyuzi ikiwa ya baridi inavuta ampea nyingi sana kwa kitambo afu inatulia.

Acha iwake dakika kumi, pima volti kwenye matundu ya mashine, afu pima kwenye balbu yenyewe. Mashine ikisoma 12.0 na kwenye balbu 11.3, mashine haina shida, nyaya zako ndo mbovu. Hizi klipu zinazokuja kwenye boksi ndani zina nyuzi nne tano tu, plastiki nene ya kudanganyia macho, mi nazikata siku ya kwanza nafunga waya mnene mfupi na kuuchomea vizuri. Kama volti zimeshuka hadi kwenye matundu yenyewe, mashine imechoka au ampea zake ni za kwenye stika.

Mzigo ukiwa umewaka peleka mita kwenye AC (umeme wa kupanda na kushuka kama wa ukutani) uone kama kuna mawimbi. Tahadhari, mita zile za bei ya chini kabisa ukiziweka AC zinaisoma DC kama karibu mara mbili, na ukigeuza waya zinasoma sifuri, usije ukatupa mashine nzima kwa sababu ya mita. Yenye heshima itasoma milivolti chache. Ikisoma nusu volti kwenye mashine ya trafoma, kapasita zimekauka.

HATUA YA 7: simu yenyewe

Betri itoke, usiache betri na pawa saplai pamoja zinasukumana. Volti 3.8 mpaka 4.0. Ampea 1 kwa kuanzia. Sema namba kwa sauti kabla ya kugusa, dogo wangu anajisikia mjinga akifanya hivo mbele ya wateja ila anafanya. Nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, na kama hujui ipi ni ipi pima na bodi, hasi ndo inalia na mabati ya kufunikia na tundu la chaji. Usikisie kwa kuangalia simu nyingine ya kampuni ile ile.

Kabla hujabonyeza kitufe cha kuwasha, ampea zisome 0.00. Zikisoma 0.08 hivi kuna kitu kinavuja. Zikiruka moja kwa moja mpaka 1 na volti zikaanguka, shoti iko kwenye njia kuu, na hapo ndo utajua kwa nini tulipanga 1 na sio 5. Zikiwa sifuri, bonyeza, angalia namba zinavopanda na kucheza cheza mpaka simu iwake. Simu ikifika katikati ikajizima na C.C. ikapepesa, hapo ndo unaruhusiwa kuongeza ampea iende 2 au 3, mana simu nyingi zikiwaka zinahitaji zaidi ya 1 kwa muda mfupi.

Tundu la kijani usiliunganishe na jeusi kwa sababu umeona kwenye picha. La kijani ni earth ya bodi, jeusi ni hasi, ni vitu viwili.

BETRI ZA VOLTI 12

Hizi za geti na za UPS watu wanazileta sana, zichaji lakini kwa adabu. Volti 14.4, ampea sehemu ya kumi ya betri, yaani ya 7Ah inapewa 0.7. Washa mashine na upange kwanza, ndo ufunge betri, na kumaliza toa betri kwanza. Ukigeuza nyekundu na nyeusi hata kwa sekunde, betri ndo inaipiga mashine na sio mashine inaipiga betri. Betri za lithiamu za simu zilizovimba sizichaji kwa njia hii kabisa, na hapa Kariakoo baada ya moto wa soko kuu Julai 2021 sidhani kama kuna mwenye fremu atakayekuelewa.

UMEME UKIKATIKA

Utakatika tu. Kitu cha kwanza toa klipu kwenye simu au betri, kabla hata ya kuwasha tochi, mana betri ikibaki imefungwa inarudisha umeme wake kwenye mashine iliyolala. Zima swichi ya mashine. Ukirudi usikimbilie, mara nyingi unarudi unakwenda unarudi tena, acha majirani wapige kelele zao za "umeruuudi" afu subiri dakika mbili tatu. Washa mashine ikiwa tupu, angalia skrini, mana kuna zinazosahau na kuamka na volti za kiwandani. Ya kwangu ya zamani ilikuwa inaamka na 5 kila mara. Ikisoma 4.0, mita nayo ikakubali, ndo unaokota klipu.